Ng'ombe Aliyesomwa kwa Shanga

Mimi niliishia darasa la tatu, kwa hivyo haya mambo ya shanga nitayaeleza vile nilivyoyasikia. Siku hiyo nilikuwa nimetoka Makutano kung'olewa jino, shavu limefura kama kiazi, nikakuta gari la madaktari wa mifugo hapa kwetu Ruiri. Hilo jino nalo lina kisa, maana fundi alianza kwa kung'oa lililo jirani yake. Tuliache.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea kuisha. Homa ya kupe ilikuwa imefagia maboma: ng'ombe anavimba tezi, anatoa povu puani, kesho mnachimba shimo. Ng'ombe wa mjane wa ndugu yetu alivimba vilevile, akalala, kisha akaamka akatafuta majani. Akaugua tena, akaamka tena. Huyo ndiye alikuwa maziwa ya watoto wa marehemu. Mwingine hawakuwa naye, maana ndama wake tulimla kwenye matanga.

Daktari alikuwa kijana mpole. Akatuambia mwili unapougua hutuma ujumbe, huu mwingi, ule kidogo, na wao wanataka kujua ng'ombe huyu mwili wake husema nini ukipigana na homa. Huko ng'ambo kuna shanga ndogo kuliko vumbi la unga. Kila shanga inabeba ujumbe wa aina moja. Zinamwagwa kwa kioo, nyingi kama mchanga wa mto, zinawaka rangi rangi, na mashine inazisoma zote kwa mpigo. Ujumbe uliokaa kwa shanga nyingi ndio mwili ulikuwa ukiupigia kelele.

Kaka yetu mkubwa akatema miraa. "Shanga? Huyu mjane anazo shingoni tangu aolewe. Someni hizo, mtuambie alimlisha nini ndugu yetu."

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, jino likanilipa.

Ubaya ni kwamba ujumbe huo huharibika upesi kuliko maziwa juani. Lazima ng'ombe achinjwe homa ikiwa juu, tezi zikatwe zikiwa moto. Mjane angeletewa ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu wa maziwa mengi, badala yake. Kaka alikubali kabla mjane hajaulizwa.

"Lakini ana mimba," mjane akasema.

"Mwanamke akililia ng'ombe, kila ng'ombe ana mimba. Daktari, mwenye boma ni mimi. Dume halijamfikia."

Daktari akaandika alivyoambiwa na mwenye boma. Wakamfunga ng'ombe mfuko wa kitambaa sikioni, ndani kupe wenye ugonjwa, ili homa impande tena, na mjane akakatazwa kuugusa. Alimpelekea maji kila siku akiangalia ule mfuko ukitingishika.

Tezi zilipovimba walirudi na mtungi unaofuka moshi wa baridi. Ng'ombe akawaona wageni, akaanza kuruka. Daktari akasema asiogope, akiogopa shanga zitasoma hofu. Kwa hivyo mjane akaitwa amshike. Alimkuna chini ya shingo, akamwimbia ule wimbo wake wa kukamulia, ng'ombe akatulia, akamlamba mkono. Sindano ikaingia wimbo haujaisha, kisu kikafuata.

Tezi zikaenda mtungini, gari likaondoka. Tumbo lilipopasuliwa, ndama alikuwemo, jike, ameshaota manyoya.

"Kumbe," kaka akasema. "Nyama laini hiyo. Mpelekeeni mama, hana meno."

Na mama alikula, siwezi kudanganya.

Ng'ombe wa gredi alikuja, mnene, mweupe na mweusi, watoto wakampigia makofi. Kupe wa Ruiri hawakumwacha amalize hata msimu. Aliangukia palepale yule mwingine alipokuwa akilala akiamka. Huyu hakuamka. Kaka akamwambia mjane, "Una mkono mbaya wewe, kwanza mume, halafu ng'ombe wawili."

Mvua zikaja zikapita, nikang'olewa jino lingine. Daktari akarudi, sasa ana kitambi, anatabasamu. Shanga zilikuwa zimesomwa. Ng'ombe yule mwili wake ulisema jambo ambalo hawakulisikia kwa wengine, na sasa walitaka uzao wake, wauzalishe, wasaidie wafugaji.

"Aliacha ndama?" akauliza.

Kaka akaanza kuangalia viatu vyake. Mjane aliingia jikoni, akakaa sana, akatoka na vikombe. Akampa daktari chai ya strungi, nyeusi tii. Daktari akanywa kidogo, akaangalia kikombe.

"Mama, hakuna maziwa?"

"Yako kwa shanga zako," mjane akamwambia. "Kamua."