Tulivyosoma kwa Maharagwe Kawangware

Enzi zetu Kawangware, mtoto wa darasa la kwanza aliweza kukusomea kitabu kizima akiwa amekishika juu chini, na asikose hata neno moja. Vijana wa leo wakisikia hivyo wanadhani nawachezea. Mtu aliyepewa simu kabla hajaachishwa nepi ataelewa wapi? Lakini ninyi wenzangu mliokaa kwenye mabenchi yale ya miaka ya sabini mnanielewa. Mwalimu alisoma mstari, sisi tukaurudia. Akausoma tena, tukaurudia tena, mpaka mabati ya paa yakatetemeka. Kufikia mwezi wa sita hatukuwa na haja ya kitabu. Binamu yangu aliyesomea Kibera, upande wa Lindi, alikuwa hodari kunishinda: alijua hata pahali pa kukohoa, kwa sababu mwalimu wake alikuwa na kikohozi.

Darasani tulikuwa sitini na nane. Nilihesabu mara mbili, maana mara ya kwanza nilipata sitini na saba, kumbe nimejisahau mwenyewe. Watoto sitini na nane, vitabu kumi na vinne. Kitabu kililazwa katikati ya meza, tukakizunguka karibu watano, na aliyebanwa upande wa pili alikiona kimepinduka mwaka mzima. Na bado alisoma, tena kwa mbwembwe.

Mimi nilikuwa bingwa. Jioni mama akirudi kutoka kufua nguo za watu Lavington, vidole vimekunjamana na kunuka sabuni ya mche, kama ilikuwa zamu yangu kwenda na kitabu nyumbani, nilimsomea. Yeye hakujua kusoma. Aliniangalia vile watu walivyoangalia redio mpya. Siku moja akamwita Mama Kamau, mke wa mwenye ploti tuliyopanga vyumba, aje ajionee, kwa sababu Mama Kamau alikuwa amefundisha nasari ya kanisa kabla ya kujifungua mapacha.

Mama Kamau akaketi juu ya debe, akanisikiliza ukurasa mzima. Kisha akakichukua kitabu, akakifungua katikati, akanirudishia.

"Haya, soma hapa."

Nikavuta pumzi, nikaanza kwa sauti kubwa. Maneno yale yale ya ukurasa wa kwanza.

"Ai! Mama Atieno," akasema, "huyu mtoto hasomi. Huyu anaimba."

Mama akauliza, "Lakini anaimba vizuri?"

"Vizuri sana. Shida ni moja tu, mwalimu mkuu hatafuti kwaya."

Na hapo hakukuwa na mchezo. Mwaka ule mwalimu mkuu alikuwa ametangaza kwamba asiyejua kusoma mwisho wa muhula wa tatu atarudia darasa. Mama naye alikuwa na sheria yake, ambayo kaka yangu alikuwa ameshaionja: anayerudia darasa hurudi kwa dani, yaani nyanya yetu, kule Siaya. Kaka aliondoka na sanduku la mbao, tukawa tunamwona Krismasi, kila mwaka amekuwa mrefu zaidi na mgeni zaidi. Mimi na mama tulilala kitanda kimoja. Nilimjua mpaka namna anavyogeuka usingizini. Usiku ule nilihesabu wiki zilizobaki nikapata kumi na moja. Nikarudia nikapata kumi, maana ile tuliyokuwa ndani yake ilikuwa inaisha.

Kesho yake mama akaenda kwa Mama Kamau kuuliza anifundishe kwa kitu gani. Mama alizoea kupatana bei hata ya vitu ambavyo hanunui, kwa hiyo alikwenda amejiandaa. Akakuta mwenzake anaona haya.

"Mimi sitaki kitu," Mama Kamau akasema. "Ila kuna jambo linanisumbua. Hii ya mtoto kurara, na mtoto kurira."

"Kulala na kulia?"

"Hiyo hiyo! Nasari nzima ilirudi nyumbani ikisema inataka kurara. Pasta akaniita ofisini. Wewe njoo unifundishie hizo mbili. Mimi nitashika ile ya shati, kwa sababu kwako naskia ni sati."

"Ni sati," mama akasema. "Kwani mimi nimesema nini?"

Ndivyo ploti yetu ilivyopata walimu wawili, mmoja wao hajui kusoma.

Masomo yalianza saa tisa alasiri, nje ya mlango wa Mama Kamau, wakati anachagua maharagwe ya jioni kwenye sinia. Tulikuwa wanne: mimi, mapacha wake waliokuwa darasa moja nami, na msichana wa chumba cha mwisho. Jambo la kwanza alitunyang'anya vitabu, akavikalia. La pili alitukataza majina ya herufi. "Jina lake weka mfukoni," alisema. "Niambie inaliaje." Basi tukajifunza vilio. Ile iliyojikunja kama nyoka ililia kama stovu ya mafuta ikipampiwa, sss. Ile yenye kofia ilikuwa mtu anapuliza jiko, fff. Ile ya milima miwili ilikuwa ng'ombe wa mzee jirani akidai majani, mmm. Siku hizo Kawangware ilikuwa na ng'ombe, enyi vijana mnaonunua maziwa ya pakiti pale kituo cha Hamsini na Sita mkidhani yanatoka kiwandani.

Halafu yakaja maharagwe. Neno "maji" lina sauti nne, kwa hiyo ulipewa mbegu nne. Unasukuma ya kwanza: m. Ya pili: a. Ya tatu, ya nne. Polepole, hakuna anayekukimbiza. Kisha unazikokota zote kwa kidole mara moja, mdomo ukifuata kidole. Siku tatu nilikokota bila kutoa chochote ila mate. Siku ya nne mdomo wangu ukasema "maji," na nikageuka nyuma kuangalia ni nani amesema.

Kipindi kikiisha, masomo yote yalimwagwa kwenye sufuria. Kila mtoto alipata sahani, kwa hiyo sisi tulikula maneno yetu, pamoja na yale yaliyotushinda.

Kupatana nilikuwa nimeshajifunza kwa mama, kwa hiyo nilimjaribu mwalimu.

"Leo maneno kumi," aliniambia.

"Matano."

"Kumi."

"Sita, na nitakuchotea maji ya bomba."

"Nane, na maji utachota."

Nikakubali haraka kabla hajabadilisha mawazo. Ilikuwa baadaye ndipo nilipogundua kwamba amenichagulia yale manane marefu kuliko yote, na debe nimebeba. Yule mwanamke angeuza maharagwe mabichi kwa bei ya nyama.

Mama akifika, alisimama mbele yetu bado na leso ya kazini, akashika zamu yake. "Lala! Ulimi juu, gusa, achilia. Haya, rudi! Ulimi utetemeke kama umesikia baridi." Mama Kamau aliketi nyuma yetu sote, akifanya mazoezi kwa siri, sinia mapajani. Na ilipofika zamu ya shati, ni mama aliyekaa nyuma. Sitasema nani alifaulu. Mpaka anazeeka, mama alivaa sati.

Siku ya mtihani wazazi waliitwa. Mwalimu mkuu alikaa mlangoni mwa darasa, watoto wakaitwa mmoja mmoja. Kijana wa kwanza alisoma kitabu chetu kama maji ya bomba, watu wakapiga makofi. Nilipofika mimi, kitabu kilikuwa kimechukuliwa na wale wanaojikumbusha, hivyo mwalimu mkuu akanipa kipande cha gazeti kilichofunga nyama yake, kina doa la damu pembeni. Sikuwa na maharagwe. Nikaweka vidole kwenye paja la sketi yangu nikaanza kusukuma hewa. "Wa... ku... li... ma." Watu wakaanza kukohoa. "Ba... ra... ba... ra." Mahali fulani nyuma nilimsikia mama akivuta pumzi kwenye ile ra. Nilimaliza sentensi mbili, jasho linanitoka kama mtu aliyepanda na debe kutoka mtoni.

"Huyu anakwenda kama mkokoteni," mwalimu mkuu akasema, akachukua kalamu. "Atarudia."

Lakini mama alikuwa ameshafika mbele.

"Mwalimu, samahani. Yule kijana wa kwanza, aliyekimbia kama maji. Mpe hiyo gazeti yako asome."

"Mama, kuna foleni."

"Mpe tu, mwalimu. Itachukua muda gani, na yeye ni mbio?"

Kijana akapewa gazeti. Akalitazama, akasimama wima, akatusomea kutoka kwenye gazeti lile ukurasa wa kwanza wa kitabu chetu, wote, bila kukosea.

Mwalimu mkuu akavua miwani, akaifuta, akaivaa, kana kwamba shida ni kioo. Akaita wa pili. Wa tatu. Mpaka saa saba gazeti lilikuwa limepita mikono yote, na waliosoma kilichoandikwa walikuwa tisa. Nilihesabu mara mbili. Wanne walitoka ploti yetu.

Sasa hesabu nyingine ikamkamata. Watoto hamsini na tisa hawawezi kurudia, kwa sababu Januari darasa la kwanza jipya linaingia na mabenchi ni yale yale. Akakuna kichwa, akaandika: wote waende la pili.

Nililia njia nzima. "Sasa mimi nilisumbuka ya nini?"

"Nyamaza, nyako, binti yangu," mama akasema. "Wewe hauendi Siaya kwa sababu unasoma. Wao wamepita kwa sababu hakuna benchi. Nani atalala vizuri leo?"

Muhula uliofuata watoto waliofika kwa Mama Kamau saa tisa walikuwa ishirini na wawili, akalazimika kuhesabu mbegu, maana kuna waliokuwa wanazitafuna mbichi. Mama naye aliendelea kukaa pale hata zamu yake ikiisha. Kufikia Pasaka alikuwa anasoma maandishi ya kwenye kibiriti, kisha ananiangalia kana kwamba sikumwona.

Leo nakaa Kabiro, hapa hapa Kawangware, ghorofa ya nne. Wajukuu wangu wana tuition ya kusoma, ya kuogelea, na nasikia ya kuongea pia, na bado wananitumia salamu zenye herufi mbili tu. Sawa, wamepunguza kazi. Ile ploti kuta zake zilikuwa mabati. Ulipokwama neno, vyumba vitatu vilikujibu. Hapa ni mawe, kila mtu na mlango wake wa chuma. Juzi nilimsikia mtoto wa jirani akisoma kwa sauti. Miaka sita tumeishi ukuta mmoja na jina lake silijui. Watu wa hadithi yake walikuwa wamefurahi, naye akakwama: "wa-ka-ta... wa-ka-ta..." Nikangoja mtu wa kwao amsaidie. Ilijibu televisheni peke yake. Nikasogea ukutani nikasema, "Wakatabasamu."

Nikadhani nimemtisha, pengine ameenda kumwita mama yake. Halafu akalisema lile neno, polepole, akaendelea na hadithi yake, na mimi nikabaki pale nimesimama mpaka akamaliza ukurasa.