Kopo la Daktari Kitunguu

Kopo lilikuwa la maziwa ya unga, lile kubwa lenye picha ya mtoto wa mashavu manene, na lilikuwa limewekwa kivulini kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Nilikuwa nimetoka shule na njaa ya kufa mtu. Mama hapendi tulambe maziwa makavu, kwa hiyo niliangalia kushoto, nikaangalia kulia, nikabandua kifuniko na kuingiza pua kabla ya kidole. Nashukuru mpaka leo kwamba pua ilitangulia.

Mle ndani kulikuwa na kitu cheusi, kinang'aa kama lami iliyomwagwa barabarani jua likiwa kali. Harufu yake haikuwa ile ya chooni tunayoijua sote. Ilikuwa ya kutu, ya damu ya buchani iliyolala. Nilitapika kwenye ndoo ya maua ya Mama.

"Usimwage!" dada yangu alipiga kelele kutoka bafuni. "Hicho cha Shangazi!"

Inabidi niwaeleze habari za huyu dada, la sivyo mtadhani kwetu tuna wazimu.

Anasoma chuo cha tiba asilia, mwaka wa mwisho. Tunalala chumba kimoja. Juu ya kabati letu kuna mitungi ya vitunguu saumu vilivyoloweshwa kwenye mafuta, na chini ya kitanda kuna beseni la udongo wa kupaka tumboni, ambao huota ukungu wa kijani, naye huukwangua kwa kijiko akisema bado mzima. Sare yangu ya shule inanuka supu ambayo hakuna mtu angekubali kuinywa. Niliyekuwa nakaa naye dawati moja aliomba kuhamishiwa mbele. Alimwambia mwalimu ana matatizo ya macho.

Kila asubuhi, kabla sijapiga mswaki, Dada ananiinamia.

"Toa ulimi."

"Niache."

"Toa. Mh! Huku nyuma mweupe. Jana ulikula nini?"

"Chakula."

"Chakula gani?"

"Kilichopikwa."

Majirani wanamwita Daktari Kitunguu tangu alipomfunga Baba vipande vya kitunguu kwenye nyayo, ndani ya soksi, ili mafua yatoke. Baba akasahau, akaenda navyo kazini. Yeye anakaa dirishani posta, kwenye chumba ambacho feni yake ilikufa zamani. Anasema siku hiyo foleni iliisha mapema kuliko siku zote.

Sababu ya Dada kwenda chuo hicho ni Mama. Mama ni keshia wa duka kubwa, na kuna kipindi kichwa kilimuuma mpaka anafunga macho akihesabu chenji. Hospitali alikutana na daktari aliyemwandikia vidonge bila kuinua uso kwenye karatasi. Akaenda tena, akaandikiwa tena. Mwishowe akapelekwa kwa mama mmoja wa tiba asilia, mtu mzima mwenye miwani, ambaye alimuuliza swali moja tu: "Ukiwa kazini unakunywa maji saa ngapi?" Mama akajibu kwamba hanywi kabisa, kwa sababu choo cha wafanyakazi dukani kwao kimeziba, kina funza, na ukiingia unatoka na harufu mpaka kwenye nywele. Basi anajibana kutwa nzima. Kumbe kichwa kilikuwa kinalilia maji! Dada alikuwa amekaa kwenye benchi palepale na sare ya shule. Alitoka akisema anataka awe mtu wa kuuliza maswali kama lile.

Chuoni kwao kuna sheria: mwanafunzi hampi mgonjwa kitu ambacho hajakitumia mwenyewe kwanza. Ndiyo maana nimemwona dada yangu akinywa mafuta ya mbarika mpaka akalala sakafuni bafuni, na maji ya mizizi yaliyomfanya apige mbweu zenye harufu ya soksi. Wenzake si wote wanaoifuata. Kuna kijana mrefu wanayemwita Asali, kwa kuwa kila ugonjwa anautibu kwa asali. Yeye humwaga dawa kwenye sinki. "Nikifa mimi, nani atawatibu ninyi?" husema. Ukimuuliza kwa nini anasomea tiba asilia, anakujibu bila aibu kwamba alitaka koti jeupe, fizikia ikamkataa.

Ili kumaliza chuo, kila mwanafunzi anatakiwa ampate mgonjwa wake, amtibu kwa muhula mzima chini ya usimamizi, kisha asimame mbele ya mkuu wa chuo aeleze alivyomtibu. Asiye na mgonjwa hana cheti. Nyumbani tulimkimbia wote. Baba alisema miguu yake imetosha. Aliyekubali ni Shangazi, dada yake Baba, msusi mwenye saluni yake, aliyekuwa analalamika tumbo linajaa gesi.

"Nitibu, daktari wangu," alimwambia Dada. "Ila ukinifunga kitunguu nakunyoa nywele zote."

Dada alimuuliza maswali mpaka Shangazi akachoka. Unakula saa ngapi, unalala vipi, unatumia dawa gani nyingine? Situmii kitu mwanangu, mimi mzima kama chuma. Basi Dada akampa unga wa mkaa wa kukoroga kwenye maji kwa ajili ya ile gesi, na kwa kuwa sheria ni sheria, naye akanywa pamoja naye. Meno yao yalikuwa meusi kama ya watu waliokula kalamu za wino. Mkaa ulipofika upande wa pili ukatoka mweusi vilevile, na Dada akatutangazia hivyo mezani, tukiwa tunakula.

Gesi ilipungua, mkaa ukaachwa. Haja ya Dada ikarudi rangi yake, na hilo pia tulitangaziwa. Ya Shangazi haikurudi. Siku moja nilipita saluni nikamkuta amekaa kwenye kiti cha mteja, chanuo mkononi, huku mteja amesimama kichwa nusu kimesukwa.

"Kizunguzungu kidogo," alisema. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

Nilimwambia Dada, naye jioni hiyohiyo akampelekea Shangazi kopo tupu. Kesho yake ndiyo nikalikuta lile kopo.

Dada alitoka bafuni, akalichukua lile kopo, akaliinamia na kunusa. Hakunusa kidogo. Alivuta pumzi ndefu mara mbili, macho yamefumbwa, kama Mama anavyonusa tikiti sokoni.

"Unanusa nini wewe? Huna hata kinyaa?"

"Ninacho," alisema. "Kanyamaze."

Halafu akafanya jambo ambalo sitalisahau hata nikizeeka. Aliingia jikoni, akakoroga mkaa kwenye glasi, akanywa wote, akaniambia nimtafutie kopo jingine lenye kifuniko.

Jumamosi nilikwenda nao kliniki ya chuo kwa sababu Shangazi alihitaji bega la kuegemea. Chumba cha wagonjwa kina kitanda kimoja chenye plastiki inayonata mgongoni, na ukutani kuna picha ya tumbo lililofunguliwa kama begi. Kila kitu kinanuka siki. Mkuu wa chuo ni mtu mnene mwenye kucha ndefu zilizong'arishwa, na wanafunzi wakiwa peke yao humwita Safisha, kwa sababu kwake kila ugonjwa ni uchafu na kila tiba ni kusafisha. Ana rafu nzima ya chupa za maji ya kahawia yenye picha yake.

Alilifungua kopo la Shangazi, akaangalia, akatabasamu kama mtu aliyeonyeshwa mtoto mchanga.

"Hongera, binti! Njooni wote muone. Hii ni sumu ya miaka mingi. Mwili unaitapika. Mama, ulikuwa unatembea na jalala tumboni!"

Wanafunzi wakapiga makofi. Makofi, kwa kile kitu! Safisha akamkumbatia Shangazi bega, Asali akaambiwa apige picha, na Shangazi, mtu wa watu, akatabasamu na ile midomo yake ya majivu.

"Shikamoo Mkuu," Dada alisema, ingawa walikuwa wameshasalimiana. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mkaa aliacha tangu wiki iliyopita."

"Mkaa unang'ang'ania."

"Mimi nilikunywa juzi, Mkuu. Hiki ni cha kwangu." Akatoa kopo la pili kwenye begi.

"Mungu wangu," alisema Asali. "Amekuja na la akiba."

Dada aliyaweka makopo mawili kwenye meza ya dawa, akachukua vijiti viwili vya kukandamizia ulimi. Kilichokuwa kwenye kopo lake kilikuwa cheusi kweli, lakini kimekauka na kinavunjika kama masizi makavu, na harufu yake ni ya kawaida tu, kama kuna cha kawaida hapo. Cha Shangazi kilikishika kile kijiti, kikavutika uzi mrefu mweusi, na ile harufu ya buchani ikajaza chumba mpaka siki ikasalimu amri. Msichana mmoja alikimbilia dirishani. Safisha akaziba pua kwa leso, na mimi nikamchukia kuanzia hapo: kumbe alikuwa anaisikia harufu muda wote.

"Hii ni damu iliyopikika tumboni, Mkuu. Tulifundishwa mwaka wa kwanza." Dada alimshusha Shangazi kope la chini kwa kidole gumba. Ndani palikuwa peupe kama karatasi. "Hapa panatakiwa pawe pekundu. Nampeleka hospitali."

Safisha aliwatoa wanafunzi nje, akasubiri mpaka Asali akafunga mlango.

"Binti, ukimpeleka hospitali, mgonjwa ni wao. Si wako tena. Utasimama mbele yangu na nani? Mpe chupa yangu ya kijani, apumzike, Jumatatu utanishukuru."

Dada alimwangalia Shangazi. Nilijua anawaza nini, maana muhula mzima alikuwa hazungumzii kingine zaidi ya hicho cheti, na koti lake jipya lilikuwa tayari limening'inia nyuma ya mlango wetu kwenye mfuko wa plastiki. Alifunga makopo yote mawili.

"Shangazi, unaweza kutembea?"

"Niweze nisiweze, nitoe humu," Shangazi alisema. "Mtu ananiita jalala."

Hospitali walimtundikia damu hata kabla ya kumaliza kuandika jina. Daktari alipomuuliza anatumia dawa gani, Shangazi akaangalia dari, akaangalia dripu, akaniangalia mimi, mwisho akakosa pa kuangalia. Ikatoka: vidonge vya mgongo. Msusi anasimama kutwa, mgongo unawaka, basi alikuwa akivitafuna kama karanga, na akivificha ndani ya kile kichwa cha plastiki cha kuvalishia wigi. Vilikuwa vimemtoboa vidonda tumboni, na kimoja kilikuwa kinavuja.

"Nilikuuliza, Shangazi!" Dada alilia. "Nilikuuliza zaidi ya mara moja!"

"Ungeninyima, mwanangu."

Nesi aliuliza nani aliyegundua mapema hivyo. Shangazi akamwonyesha Dada kwa kidevu. "Huyu. Alinusa." Kisha akamvuta nesi karibu. "Ila mteja wangu yeyote akija kuniona, mwambie ni malaria."

Shangazi aliporudi saluni, Dada alikwenda chuoni na mimi nikamfuata, maana nilitaka kuona uso wa Safisha. Tulikuta picha ukutani, mlangoni kabisa, kubwa kama kalenda. Shangazi anatabasamu, Safisha kamkumbatia, na chini maandishi mekundu: MIAKA YA SUMU YATOKA KWA WIKI CHACHE. Nimenusa makopo mawili katika maisha yangu, lakini nilichokisikia pale mlangoni kilinipanda kooni vibaya zaidi.

Safisha alikuwa mchangamfu. "Binti! Mgonjwa wako amepona, nimesikia. Basi simama uelezee kama ilivyo kwenye picha, ya hospitali si lazima kuyataja. Ukishindwa, tafuta mgonjwa mwingine, uanze muhula upya."

Dada aliisogelea ile picha. Kisha akaibandua taratibu, pembe moja baada ya nyingine, ili isichanike.

"Hii ni sura ya shangazi yangu," alisema. "Naomba fomu ya mgonjwa mpya, Mkuu."

Njiani nilimuuliza kwa nini asiache tu. Si angeenda kusomea uuguzi, au ukeshia, au hata ususi?

"Lile somo la kope na la kopo, unadhani nilifundishwa wapi?" alisema. "Na yule mama mwenye miwani. Huyu Safisha ataondoka siku moja. Nimwachie yeye na Asali?"

Mkono wake ulikuwa unanuka vitunguu saumu, nami nilikuwa nimeushika.

Basi akaanza kutafuta mgonjwa. Baba alikataa, Mama alisema kichwa chake kimeshapona ahsante, na majirani wakawa wakimwona wanakumbuka wameacha kitu jikoni. Koti likaendelea kuning'inia kwenye mfuko wake. Asubuhi moja aliamka, hakuniinamia. Alikaa pembeni ya kitanda akifunga viatu polepole, halafu akafungua kimoja na kukifunga tena.

Nilivumilia mpaka nikashindwa. Nikatoa ulimi.

Alinitazama. "Wewe si unasema nakutia kichefuchefu?"

"Unanitia," nilisema, ingawa kwa ulimi uliotoka nje maneno hayakueleweka vizuri.

Akausogelea, akakunja uso. "Mweupe huku nyuma. Na tumbo? Unapata haja kila siku?"

Kabla sijajibu aliingiza mkono chini ya kitanda, nyuma ya lile beseni la udongo, akanipa kopo. Mtoto wa mashavu manene alikuwa bado anacheka. Lilikuwa limesuguliwa kwa sabuni na majivu, limeanikwa juani, linang'aa. Nililifungua nikalinusa hata hivyo.