Skrubu ya Nne Dirishani kwa Bibi Zamda

Saa mbili na nusu asubuhi, mtaa wa Sombetini. Fundi seremala Naserian Loishiye amesimama juu ya ndoo ya rangi, uso umegusa nondo za dirisha. Ndani, sakafuni, Bibi Zamda amelala nyuma ya mlango alioufunga mwenyewe kwa komeo.

"Shikamoo bibi!" anaita Naserian.

"Marahaba," sauti inajibu, kwa mbali sana.

Bibi ana kisukari. Alfajiri amejichoma sindano yake, chai hajanywa, kizunguzungu kikamwangusha. Mlango hufungukia ndani na kichwa chake kimeuegemea. Ukisukumwa kwa nguvu utamuumiza. Binti yake, Twahira, amemrushia pipi kupitia dirishani. Zimemwangukia kifuani, na mkono wa bibi haukuinuka.

Imebaki njia moja tu, dirisha. Nondo zake zimekazwa kwenye fremu ya mbao kwa skrubu nne, na aliyezikaza ni Naserian huyu huyu. Kuzifungua ingekuwa kazi ya kupiga mluzi, kama si vichwa vya skrubu kusagwa bapa, hata pa kutia bisibisi hapaonekani.

"Nani kafanya hivi?" anauliza bila kugeuka.

"Mimi," anasema Shomari, mume wa Twahira. "Ulipoondoka tu nikavipitishia tupa. Si wezi, fundi! Mtaa mzima tunafanya hivyo."

Kweli wanafanya. Mwizi wa huku huja na bisibisi, akafungua nondo taratibu, wenyewe wanakoroma. Kwa hiyo watu huviua vichwa vya skrubu, wakajilalia zao. Jamani, nani angewaza siku ya kutaka kuingia mwenyewe?

Mashine ya kukatia chuma ipo kwa jirani, lakini umeme umekatika. Naserian anachukua msumeno wa chuma, anachora mfereji kwenye kichwa cha skrubu, anatia bisibisi bapa na kuisukuma kwa uzito wake wote. Skrubu inalia, inageuka. Ya pili nayo inakubali. Ya tatu inamchubua vidole.

Alizaliwa magharibi mwa Mlima Meru, kwa baba mfugaji. Ufundi alifundishwa na mjomba wake aliyekuwa akitengeneza mabenchi ya kanisa la Kilutheri kijijini. Siku nzuri hurudi nyumbani na elfu ishirini, siku mbaya na vumbi tu.

"Watu wa mtaani waliponiona na randa walicheka mpaka machozi," alimwambia mteja juzi, kibandani kwake. "Eti mwanamke na mbao wapi na wapi! Sasa hao hao ndio wananipigia simu."

Leo hakuna anayecheka.

Skrubu ya nne. Mfereji umechorwa, bisibisi imeingia, anasokota, na kichwa kinakatika! Kimebaki kijiti cha chuma kilichozama ndani ya mbao.

"Shikamoo bibi!"

Kimya.

"Mama!" Twahira anapiga kelele. "Mama, umeamkiwa!"

Kimya. Shomari anaokota nyundo na kuukimbilia mlango.

"Weka chini!" Naserian anamfokea. "Kichwa chake kipo hapo hapo!"

Baadaye atakiri kwamba hapo aliogopa hasa. Lakini mkono haungojei. Anachukua patasi na kuichimba fremu aliyoipiga randa mwenyewe, vipande vya mbao vinaruka, mpaka kijiti kinajitokeza kiasi cha kushikika. Anakibana kwa koleo. Linateleza. Anafuta jasho kwa kanga ya Twahira, anabana tena, anazungusha. Kijiti kinazunguka kidogo, kisha zaidi.

Nondo zinaachia. Twahira amesharukia ndani na kikombe cha asali. Anachovya kidole, anampaka mama yake ndani ya shavu, anachovya tena.

Muda unapita, mrefu kuliko asubuhi yote.

"We Twahira," sauti inanung'unika hatimaye, "mbona unanilisha kama kichanga?"

Shomari, mwanamume mzima, anakaa juu ya matofali na kulia waziwazi.

Bibi anapakiwa kwenye bajaji kupelekwa hospitali. Shomari anauliza dirisha litatengenezwa lini.

"Kesho," anasema Naserian. "Safari hii nondo zitakuwa na bawaba na kufuli kwa ndani, ufunguo mmoja ukae hapo karibu na dirisha, mwingine ukae nawe. Na nitazunguka kila nyumba niliyofunga nondo, niwabembeleze wote wabadilishe."

"Kwa nini usianze leo?"

Naserian anakusanya zana zake haraka haraka.

"Leo naanza kwangu. Vichwa vya skrubu vya kule niliviua mwenyewe. Shule zimefungwa, na nikitoka alfajiri huwafungia wanangu mlango kwa nje," anasema. "Sasa hivi wapo ndani. Niitie bodaboda, kaka yangu. Haraka."