Utando kwenye Ndoo ya Fundi

Fundi bomba huyu, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi tu, alikuwa na haja moja duniani: shemeji yake amalize glasi. Basi! Kaka wa mkewe alikuwa mwonjaji katika kiwanda cha bia. Kila Fundi akimkaribisha bia aliyoipika mwenyewe nyumbani, mtu yule hunywa nusu, husema, "Asante, shemeji, nimeshiba," kisha hutazama dari. Inauma, jamani.

Safari hii Fundi alijitutumua. Alichemsha kimea, akasugua ndoo nusura aitoboe, akatia hamira, akafunika, akaiweka stoo. Shemeji akaalikwa Jumamosi mchana.

Alhamisi akafunua. Lo salale! Juu ya bia umetanda utando mweupe wenye makunyanzi.

"Povu hilo, linapumzika," akamwambia mkewe.

Mkewe alinusa mara moja tu, akarudi nyuma. "Povu gani lina makunyanzi kumshinda bibi yangu? Hii imekuwa siki, mume wangu."

"Pua yako ina mafua."

"Pua yangu nzima. Kichwa chako ndicho kina mafua."

Fundi akaonja kijiko. Jicho moja likajifunga lenyewe. "Imechangamka kidogo tu," akasema kwa shida.

Akawaza kuengua utando, atie sukari, anyamaze. Lakini uchafu umeingilia wapi? Ndoo safi, mfuniko safi, mwiko umechemshwa. Ikabaki koki ya pale chini ya ndoo. Akaifungua kwa spana, na nyuma ya mpira akakuta ute mweusi unaonuka. Mtu aliyekaripia nyumba za watu kwa uchafu wa mabomba yao, koki yake mwenyewe hajawahi kuifungua tangu ainunue! Mkewe alicheka mpaka akakaa sakafuni. Fundi hakucheka.

Jumamosi shemeji akabisha hodi. Fundi akamkabili mlangoni.

"Shemeji, bia imeharibika. Vijidudu vilijificha kwenye koki. Nimemwaga yote, na ndoo na koki nimetupa. Sina hata tone la kukupa."

Shemeji akamtazama. "Ilikuwa na utando mweupe? Harufu ya siki?"

"Ndiyo."

"Fundi, bia zako zote zilikuwa na siki hiyo hiyo. Miaka mitatu! Nilikuwa nakunywa nusu kwa heshima ya dada yangu."

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Mkewe akageukia ukutani, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Ila leo ndiyo mara ya kwanza umeniambia ukweli kuhusu bia yako," shemeji akasema, huku anavua koti. "Kimea kimebaki? Kalete ndoo mpya. Tunapika sasa hivi, mimi na wewe."

Machozi yakamlengalenga Fundi. Akasingizia moshi, ilhali jiko lilikuwa bado halijawashwa.