Harusi ya Kweli Ndani ya Filamu ya Uongo

Sekunde arobaini na moja za filamu ya zamani zinatakiwa kukatwa, na Verna Halvorsen hana ushahidi mwingine kwamba wazazi wake walioana.

Ni Jumamosi, saa nane mchana, mwezi wa nne 1994, mjini Kayenta, Arizona. Verna, mwenye miaka 54, amesimama katika chumba cha projekta cha ukumbi wa jumuiya. Anaupitisha mkanda kati ya vidole vyake taratibu, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye sufu. Kazi hii ameifanya miaka 23. Analipwa dola tano kwa saa, saa kumi na mbili kwa wiki. Siku nyingine anapika shuleni.

Nje, foleni imeanza. Hoskie Manygoats, mkata tiketi, anamuuliza dada Verna kama Mzungu wake amefika au amepotelea mchangani. Verna anamjibu bila kugeuka kwamba akipotea hatamtuma Hoskie kumtafuta, maana Hoskie hajui hata mbuzi wake mwenyewe walikolala jana.

Mzungu huyo ni Bwana Pruitt, wa kampuni moja ya Los Angeles inayosafisha filamu kuukuu za farasi na bastola. Hii ilipigwa hapa Kayenta mwaka 1939. Nakala nzima iliyobaki ni ya ukumbi huu tu. Pruitt anataka kuitengeneza upya, lakini aliandika kwamba onyesho la harusi litafupishwa. Mama wa bibi harusi anajifunika blanketi kichwani na kuipa kamera mgongo. Anaharibu picha.

Barua ilikuja na orodha ya makosa iliyoandikwa na mtaalamu wa historia. Verna anaisoma kwa sauti huku akicheka. Hadithi inasema hawa ni Wakomanchi, lakini wote waliomo ni Wadine, ambao wageni huwaita Wanavaho, na mablanketi waliyojitanda ni ya Kidine. Askari wa mwaka 1868 amevaa saa ya mkononi. Binti wa chifu ni mwigizaji wa Kizungu aliyepakwa rangi ya kahawia, na rangi yenyewe inaishia shingoni.

"Yote kweli," anasema. "Mtaalamu hakukosea hata moja. Ila alipofika kwa bibi yangu naye akaandika ni kosa. Hapo ndipo tulipogombana."

Mwanamke wa blanketi ni Glinibah, mama mzazi wa mama yake Verna. Alilipwa dola tatu kwa siku aigize mama wa bibi harusi.

Waigizaji wakubwa hawakupenda kukaa kwenye jua hili. Nyuso zao zilipigwa picha studio, na picha za mbali zikapigwa hapa, kwa kutumia watu wa kimo kilekile. Badala ya shujaa alisimama seremala wa kampuni, Anders Halvorsen, kijana kutoka Minnesota. Badala ya binti wa chifu alisimama Desbah, miaka 19, binti wa Glinibah. Hao wawili hawakuhitaji kufundishwa kushikana mikono. Walikuwa wameshajifunza nyuma ya zizi la farasi.

Wakati huo sheria ya Arizona ilimkataza Mzungu kuoana na mtu wa makabila ya asili. Hakuna karani ambaye angewaandikisha. Kaka yake Glinibah, aliyepewa nafasi ya kuigiza kuhani, ndiye aliyetoa shauri. Alisema wageni wametafuta harusi, basi wapewe harusi.

Dua zisizofaa kuonwa na kamera alizisoma alfajiri, kabla magari ya kampuni hayajafika. Kikapu kilikuwa cha kweli. Uji wa mahindi ulikuwa wa kweli, na chavua iliyonyunyizwa juu yake pia. Mwongozaji aliwaambia wafanye wanachotaka, mradi kionekane cha kale.

Anders na Desbah wakachota uji kwa vidole, kikapu kimoja, wakala. Papo hapo Glinibah akajifunika.

"Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani," anaeleza Verna. "Si chuki, ni heshima. Wazee walisema utapofuka. Sasa bibi angekuwa anaigiza, angekaa pale anatabasamu kama alivyoambiwa. Alijifunika kwa sababu uji ulishaliwa. Yule kijana alishakuwa mkwe wake."

Mwongozaji alimpigia kelele ageuke. Hakugeuka. Mkanda ulikuwa ghali na jua lilikuwa linakwenda, wakaliacha onyesho lilivyo.

Katika hadithi ya filamu, bibi harusi hamalizi siku tatu. Anaipokea risasi iliyokuwa ya mumewe, anakufa akitabasamu, na shujaa anaondoka na mwalimu wa Kizungu. Mapenzi ya Mzungu na mwenyeji kwenye filamu yalizoea kuishia kaburini. Desbah hakupigwa risasi na mtu. Alizaa watoto wanne, akafuga kondoo, akabishana na Anders juu ya chumvi kwenye mchuzi kwa miaka 49, hadi alipofariki 1988. Anders alimfuata baada ya miaka miwili.

Sheria ilipolegezwa mwaka 1942, waliambiwa waende mjini wakaandikishwe. Glinibah alikataa. Alisema binti yake hawezi kuolewa mara mbili na mwanamume yuleyule. Kwa hiyo cheti cha ndoa hakipo. Kwenye cheti cha kuzaliwa cha Verna, palipotakiwa jina la baba pamepigwa mstari.

Pruitt anafika saa tisa kasoro, shati limemganda mgongoni. Anapewa kiti cha mbele. Taa zinazimwa.

Chifu anasimama kuhutubia kwa Kidine. Maandishi yaliyo chini yanasema watapigana hadi mtu wa mwisho. Ukumbi mzima unaangua kicheko, na Pruitt anageuka kushoto na kulia. Hoskie anamwinamia na kumtafsiria kinachosemwa hasa: suruali ya bosi inakaribia kuanguka, na mtu yeyote asimwambie kabla hajalipa mishahara Ijumaa. Pruitt anatoa kalamu.

Kisha inakuja harusi. Kicheko kinakatika na hakuna aliyenyamazisha mtu. Wazee wanavua kofia. Glinibah anamtazama kijana kwa muda mrefu, kama anayemkagua kondoo kabla ya kumnunua. Kijana anatia kidole cha uji mdomoni. Blanketi linapanda.

Nyuma ya ukumbi, bibi mmoja anasema polepole, "Karibu, mkwe."

Taa zinapowashwa, Pruitt anapanda hadi chumba cha projekta na kumuuliza Verna kwa nini hakumweleza mapema.

"Nilikueleza, baba. Barua nne," Verna anamwambia. "Ukanijibu kwamba kumbukumbu za familia si historia."

Pruitt anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Anakubali kwamba aliandika hivyo, na kwamba alikosea. Onyesho litabaki lote, anasema, na maneno ya suruali ya bosi yatatafsiriwa kama yalivyo. Ila mkanda huu umeanza kuoza. Lazima ukae Los Angeles kwenye chumba cha baridi, na hautarudi Kayenta tena. Ukumbi utapewa nakala mpya.

Verna anaushika mkanda kidogo, halafu anatia sahihi.

Nakala mpya inategemewa mwezi wa kumi. Verna anapanga kuionyesha bure, wajukuu wake saba wakae mstari wa mbele.

"Nashukuru," anasema. "Namshukuru mjomba wa mama, namshukuru Pruitt, namshukuru hata yule mwongozaji na kelele zake. Angekuwa na mkanda wa ziada angerudia, bibi angetolewa, na mimi ningebaki na ule mstari tu."

Akiulizwa harusi ile iliwagharimu nini wazazi wake, hafikiri sana.

Anders alifukuzwa kazi wiki ileile. Barua kumi na moja alizoiandikia familia yake Minnesota zilirudi hazijafunguliwa, na hakumwona tena mama yake. Aliishi hatua sitini kutoka kwa mama mkwe wake, miaka 22. Alimjengea nyumba, akamjengea zizi, na kila alipopita alikohoa kwanza ili mama ajifunike. Baada ya uji ule hawakuonana uso hata siku moja. Mwaka 1961 alimchongea jeneza. Kifuniko alikipigilia mtu mwingine.