Bi Mwanamize Amekwenda Kutembea

Siku niliyomuona Bi Mwanamize kwa mara ya kwanza alikuwa akizikataa kuni zangu. Ilikuwa arusi huku kwetu Gando, miaka ishirini na tano iliyopita, na mimi nilikuwa nimeanza juzi tu kuendesha gari la ng'ombe. Niliingia uwani na shehena yangu nikijiona nimeleta kitu. Mwanamke mrefu, kanga kaifunga kiunoni, alichukua kipande kimoja cha kuni, akakinusa, akakitupa chini.

"Hizi za kufukuzia mbu," alisema. "Mie napikia watu mia nne. Rudisha."

Mimi si mtu wa kujibu. Nilirudisha nikaleta nyengine, kavu. Hakunishukuru, lakini aliniwekea sahani ya pilau juu ya gari kabla bwana arusi hajala. Tangu siku ile, kila shughuli aliyopika yeye, kuni na masufuria nilichukua mimi.

Mumewe alifariki zamani na hakujaaliwa mtoto. Kwa hivyo jamaa zake walimuona kama mtu asiye na kazi, na mtu wa namna hiyo kila mmoja humtafutia. Kaka yake, Bwana Khatib, yuko hapa hapa Gando. Mdogo wao, Hamad, yuko Dar es Salaam. Yumna, binti wa Khatib, kaolewa Unguja. Mtu akizaa, aitwe Mwanamize. Mtu akiumwa, aitwe Mwanamize. Amesafiri kuliko mtu yeyote wa mtaa wetu, na hajaona kitu. Ukimuuliza Unguja ikoje, atakwambia jiko la Yumna lina dirisha dogo na moshi hautoki. Dar es Salaam anaijua ngazi ya hospitali, kuanzia chini mpaka ghorofa ya nne, kwa sababu aliipanda miezi miwili na kibakuli cha uji mkononi akimuuguza mke wa Hamad. Tanga kapika arusi mbili. Mji wenyewe wa Tanga hajauona, alioneshwa kisima.

Mwaka huu, baada ya masika, tulikuwa tukirudi kutoka kwenye hitima, masufuria yakigongana nyuma, yeye kakaa pembeni mwa gari.

"Mjaka," alisema, "weye si unajua kuandika?"

"Kidogo."

"Kidogo kinatosha. Nataka kusafiri."

"Nani kafa?" niliuliza.

"Hapana aliyekufa."

"Nani anaumwa?"

"Hapana."

"Arusi?"

"Mjaka, nyamaza uandike."

Yeye Msahafu anausoma vizuri kuliko mimi, lakini herufi za skuli hakufundishwa. Mimi niliishia darasa la saba. Nilinunua daftari, na kwa wiki tatu, kila tulipobeba masufuria, tuliandika. Kituo cha kwanza Unguja, kwa meli ya Mkoani. Atakaa Forodhani ale. "Nile kitu nisichojua kimetiwa nini," alisema. Cha pili Dar es Salaam, apande basi la mwendokasi mpaka mwisho wa njia, asishuke, arudi nalo. Cha tatu Bagamoyo, siku mbili za kukaa tu. Cha nne Pangani. Kule hospitali mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa mtu wa Pangani, na alimsimulia mto wao na pantoni inayovusha watu. Bi Mwanamize alitaka kuvuka, afike ng'ambo, ageuke arudi.

"Ng'ambo kuna nani?" niliuliza.

"Hapana mtu. Ndiyo maana nakwenda."

Cha tano Tanga, halafu meli mpaka Wete. Kote huko alale gesti. Hilo aliniambia niliandike kwa herufi kubwa.

Kosa la kwanza nililifanya mimi. Bwana Khatib alinikuta dukani, akaliona daftari juu ya gari, akauliza ni la nini. Kusema uongo siwezi, na kunyamaza mbele ya mtu mkubwa wakati ule sikuweza pia. Nilimwambia yote. Alasiri ile ile alikwenda kwa dada yake, na mimi nilikuwepo, nateremsha kuni.

"Gesti?" alisema kabla hata hajakaa. "Dada yangu alale gesti na sisi ndugu tupo? Watu watasema tumegombana."

"Kwenu huwa silali, Khatib. Kwenu huamshwa."

"Na peke yako? Mwanamke hasafiri bila ya maharimu wa kumsindikiza."

"Mliponiita Dar nikamuuguze mke wa Hamad nilikwenda na nani? Nilikwenda na gunia la muhogo. Hilo ndilo lililokuwa maharimu wangu. Mbona siku ile hukuyasema haya?"

Bwana Khatib alikohoa, akaomba maji. Aliyanywa, akaondoka. Tukadhani yamekwisha.

Hayakwisha, yalipata njia nyengine, tena nzuri. Siku ya pili Yumna, keshaambiwa na baba yake, alipiga simu. "Shangazi, nimefurahi! Mie nakaribia kujifungua, unakuja wakati wake." Yumna ana mama mkwe ndani ya nyumba na mawifi wawili mlango wa pili. Halafu akapiga Hamad: mkewe anafanyiwa operesheni ya jicho, basi dada akifika Dar amkalie wiki tatu. Halafu watu wa Tanga: wana arusi, na kwa kuwa anapita, hawatafuti mpishi mwengine. Hapana aliyemkataza kwenda. Wote walimwambia karibu.

Kila simu ilipokuja aliniita niandike, na mimi niliandika pembeni mwa kila kituo. Unguja, kumkanda mzazi, siku arubaini. Dar es Salaam, mgonjwa. Tanga, kupika. Bagamoyo na Pangani zilibaki tupu, lakini siku za kuzitia hazikuwepo tena. Aliniambia nisome. Nilisoma. Akaniambia nisome tena. Alikuwa kakaa juu ya kibao cha mbuzi na nazi mkononi, na muda ule hakukuna.

"Hiyo si safari," alisema. "Hizo zamu. Wamenigawana kama nyama ya akika."

Nilidhani ataacha. Nakiri nilitaka aache, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuona haya kwa ajili yake, na mimi haya hazinipi taabu kuzipata. Badala yake aliinuka, akaoga, akavaa baibui, tukaenda Wete bandarini. Alirudi na tiketi. Si ya Unguja. Ya Tanga.

"Andika upya," alisema. "Anza na mwisho. Tanga, Pangani, Bagamoyo, Dar, Unguja. Wao wananingoja mlango wa mbele, mie naingia wa nyuma. Nikifika Dar jicho la mke wa Hamad limepona, na nikifika kwa Yumna mtoto ana wiki tatu. Nitamuona kama wanavyoona watu wengine: nitabisha hodi, nitatoa zawadi, nitapewa chai."

"Na arusi ya Tanga?"

"Nitawapigia leo. Wana siku kumi za kutafuta mpishi. Mie walinitafuta siku ngapi? Simu moja tu."

Akawapigia mbele yangu. Walisema mengi, na yeye akasema "La" mara nne, kwa upole, kama anayemkataza mtoto kula udongo.

Zilipobaki siku mbili Bwana Khatib alinisimamisha njiani. Alikuwa kasikia habari za arusi kukosa mpishi.

"Mjaka, dada yangu anaondoka lini? Na anapita wapi?"

Ng'ombe alisimama. Mimi nilitazama masikio ya ng'ombe. Nina miaka arubaini na nane, na katika miaka hiyo sikumbuki kumjibu mtu mkubwa ila kwa "ndiyo, bwana".

"Najua," nilisema, "na sikwambii."

Nikampiga ng'ombe fimbo. Nadhani Bwana Khatib alishangaa kuwa nina sauti.

Lakini kwa jibu lile alifahamu kuwa kuna la kufahamu, akaulizia bandarini. Siku ya meli, tukiwa Wete, begi lake moja tu nimelishika mimi, bodaboda ilisimama na Bwana Khatib akateremka, simu iko sikioni.

"Yuko hapa," alisema kwenye simu, kisha akamnyooshea dada yake. "Zungumza na mwanao. Analia."

Watu waliokuwa kwenye foleni waligeuka wote. Mimi ningelikuwa yeye ningelirudi nyumbani. Bi Mwanamize aliichukua simu.

"Yumna, mwanangu, hujambo? Usilie, utamchosha mtoto. Nakuja baada ya wiki tano. Nakuja mgeni, umenisikia? Mama mkwe wako anajua kukanda kuliko mie, amekanda saba. Mwenyezi Mungu akufungue salama."

Akamrejeshea kaka yake simu.

"Mwanamize," Bwana Khatib alisema, na sasa sauti ilikuwa chini, "watu watasema nini?"

"Watasema nimekwenda kutembea. Na watakuwa hawakusema uongo."

Wamesema zaidi ya hayo. Leo ni siku ya kumi na tatu. Barazani wanasema karukwa na akili, wengine wanasema kuna mume Tanga. Mwanamme mmoja alinitazama mimi aliposema hivyo, wakacheka. Jana palikuwa na hitima na wali ulitoka mbichi katikati, na hilo pia wanamlaumu yeye. Simu yake kaizima, anaiwasha Ijumaa tu. Ijumaa iliyopita alimwambia jirani kwamba ameuvuka mto wa Pangani mara mbili kwa siku moja. Mimi barazani sisemi, sijajaaliwa. Lakini kuandika naweza, na naandika: hana wazimu, hana mume Tanga, na hakumkimbia mtu. Amekwenda kutembea. Alilipa kwa jasho lake na aliaga.

Siku ile bandarini Bwana Khatib alirudi kwenye bodaboda bila kuniangalia. Nilimkabidhi Bi Mwanamize begi. Aliingia melini na watu. Mimi nikageuka nimfuate ng'ombe wangu, maana mizigo ikishakabidhiwa ndiyo kazi imekwisha. Hapo ndipo niliposikia jina langu. Alikuwa juu, ameegemea chuma, na abiria wote wanasikia. Baada ya maneno haya hajaniambia neno jengine.

"Mjaka! Unakwenda wapi? Hajapata mtu kunipungia mkono hata siku moja, kila safari wananipa mzigo wakaondoka! Simama hapo! Nipungie! Sio kwa kidole, we mwana, inua mkono wote!"