Laisini Iliyoanikwa Juani

Siku yangu ya kwanza kwenye kiwanda cha unga wa uji, Migori, meneja hakunionyesha meza wala kiti. Alinimwagia unga mweupe kiganjani akasema, "Onja, nyar Kisegi." Binti wa Kisegi: ndivyo alivyoniita mpaka nikastaafu, hata nilipokuwa na wajukuu. Nikaonja. Utamu kidogo, halafu uchungu.

"Hiyo ni laisini," akasema. "Protini hujengwa kwa asidi amino, kama nyumba na matofali. Kwa mahindi yetu, tofali hili ni haba. Mtoto akinywa uji wa mahindi matupu anashiba, lakini hakui vizuri."

"Na inatoka wapi?"

"Ng'ambo. Wanachukua sukari ya mahindi, wanawalisha vijidudu, inachacha."

Yawa! Mimi nimelelewa na mama aliyechachusha uji nyunguni. Kumbe kuna watu wanachachusha mahindi ili wapate kile kile ambacho mahindi yamekosa! Nilistaajabu siku hiyo, na mpaka leo sijamaliza.

Kazi yangu ilikuwa ununuzi. Ninyi vijana wenye haraka, sikieni: kuna laisini ya malisho ya mifugo na kuna ya chakula cha watu, na kwa macho ni mapacha. Nilidai kwanza sampuli na cheti cha maabara. Nikiridhika, muuzaji anapakia, nami nafuata meli kwenye simu, kitone kinatambaa baharini siku nenda siku rudi. Hata kanisani nilikichungulia, Mungu anisamehe. Mombasa, ejenti wa forodha anaitoa bandarini, kisha lori linaileta Migori. Mfuko haufunguliwi nje ya chumba safi. Ukifunguliwa, hicho si chakula cha watu tena.

Sasa, shehena moja ilifika wakati unga wa kliniki ya Kehancha, wa watoto waliodhoofika, umebaki wa kukwangua. Asubuhi naingia uani, nakuta turubai zimetandazwa, laisini yote imeanikwa juani, kuku wanazurura pembeni. Mwita, msimamizi wa wapakuzi, anaigeuza kwa reki, jasho linamtoka, uso una furaha.

"Madam, ilikuwa imeshikana mabonge. Nikaona ni unyevu, nikaianika kabla haijaoza."

Ningemlaumu vipi? Kwetu kila kinachokuja kwa gunia huanikwa: mahindi, muhogo, omena, wale dagaa wa ziwani. Nikaketi pale pale chini.

Meneja akaja, akatazama, akanong'ona, "Tuichekeche tu. Nani atajua? Watoto wanangoja."

Mwita akauliza kosa liko wapi. Nikamweleza. Reki ikamtoka mkononi.

"Robi wangu yuko kwa hiyo kliniki," akasema. "Kama nimeiharibu, msimpe. Wala mtoto wa mtu mwingine."

Meneja akanigeukia. "Nyar Kisegi," akasema, "pigia watu wa chakula cha samaki, Homa Bay." Laisini yetu ikaenda kwa samaki wa vizimbani.

Mimi na Mwita tukapanda boda boda hadi Kehancha kuwaambia akina mama kwamba unga hakuna mpaka meli nyingine ifike. Uchungu wa safari hiyo siusahau. Nesi akatusikiliza, kisha akauliza, "Maharagwe mnayo? Si laisini imejaa humo? Kaangeni, sageni, changanyeni na mahindi." Nilikuwa nimeyasoma hayo zamani, yakalala kichwani huku nikitazama meli! Mwita alikuwa wa kwanza kuleta gunia. Watoto wakanywa uji wa maharagwe mpaka shehena ikafika, na safari hii Mwita aliilinda. Ole wake aliyeigusa!

Sasa nimestaafu, niko Kisegi, napika nyoyo, yaani mahindi na maharagwe ya chungu kimoja, kama mama yangu. Nikifunua kifuniko, huwa nasimama kidogo. Mama hakujua neno laisini, na alitulea sote.

Juzi Mwita alinitembelea na Robi. Alipoona omena wangu juani akarudi nyuma, mikono mgongoni.

"Hao geuza, Mwita!" nikamwambia. Tukacheka mpaka machozi.

Robi hakutusikia. Alikuwa amemaliza nyoyo yake, amesimama mbele yangu, mrefu, sahani tupu mkononi.

"Nyanya, niongezee."

Mwita akageuza uso. Nami nikashika mwiko, nikamjazia sahani.